Somo la sayansi topeni: mwongozo wa kupeleka darasa kwenye mikoko ya Mombasa

Mtoto wa Mombasa anaweza kumaliza shule bila kuchimba tope la mikoko hata mara moja, na mikoko yenyewe iko hapo Tudor, Mikindani na Jomvu. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa gredi ya 7 hadi 9 mwenye asubuhi moja tu. Msimamo wangu ni huu: mtoto aone kwanza, aulize, apime, ndipo umpe maelezo. Ukianza na jibu, darasa zima litatafuta jibu lako na hakuna atakayeliangalia tope.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama mwezi

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana, hupwa sana. Uzuri wa Mombasa ni kwamba siku hizo maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne hadi saa tano asubuhi, wakati wa masomo. Kila siku inayofuata hukawia kama dakika 50. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ziache.

Hakikisha saa kwenye jedwali la kujaa na kupwa la Kilindini, kisha muulize mvuvi wa hapo hapo. Fikeni dakika 90 kabla ya maji kupwa kabisa, na mtoke mara tu yanapoanza kurudi. Hili halina mjadala. Mikokoni maji hupitia vijitoni, na yanaweza kuwa yameshafika nyuma yenu huku mbele bado pakavu.

Hatua ya 2: Ruhusa na vifaa

Pata ruhusa ya wazazi, ya mwalimu mkuu, na ya kikundi cha jamii kinachotunza mikoko hiyo. Mmoja wao afuatane nanyi, kwa kuwa wao ndio wanaojua penye tope la kuzama.

Kila kikundi cha wanafunzi watano kiwe na kamba ya mita 4 na vijiti vinne vya kutengeneza mraba wa mita moja, rula, mwiko wa bustani, chupa mbili zenye vifuniko, lenzi, daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai, maji yakiingia huvuja. Miguuni wavae raba kuukuu za kufunga kamba: kandambili zitabaki topeni, na chaza walioshika mizizi hukata nyayo vibaya. Bebeni maji safi na sabuni, maana maji taka ya mji huingia kwenye hori la Tudor. Kwa sababu hiyo pia, chumvi iliyo juu ya majani ya mchu, aina mojawapo ya miti ya mikokoni, waitazame kwa lenzi, wasiirambe.

Hatua ya 3: Dakika kumi bila maneno

Kila mmoja atafute kitu kimoja asichoweza kukieleza, akiandike kama swali. Usijibu chochote.

Hatua ya 4: Kata shimo la kaa

Hapa pape muda mrefu kuliko pengine pote.

Wachimbe sentimita 20. Juu tope ni la kahawia, chini ni jeusi na linanuka yai viza. Hapakosi wa kusema, "Mwalimu, tope hili limeoza!" Mrudishie swali: "Na la juu mbona halikuoza?"

Sasa watafute shimo la kaa walikate kwa mwiko kutoka juu hadi chini, taratibu, ili upande mmoja ubaki umesimama. Kwenye ukuta wa shimo wataona ukanda mwembamba wa kahawia unaoteremka katikati ya tope jeusi. Nyamaza. Wape nafasi wabishane mpaka mmoja wao ataje hewa.

Hapo ndipo ueleze. Chini ya tope hakuna oksijeni, kwa hiyo bakteria wa huko hutumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa gesi ya salfaidi ya hidrojeni. Ndiyo ile harufu. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo topeni, hufanya weusi. Shimo la kaa linapoingiza hewa, chuma kile kile hushika kutu na tope hugeuka kahawia.

Kisha waelekeze kwenye mizizi ya mchu, yenye unene wa penseli, iliyochomoza juu ya tope. Waulize inafuata nini huko juu. Hutahitaji kuwajibia.

Fukieni mlipochimba.

Hatua ya 5: Miraba miwili

Mraba mmoja uwe karibu na maji, wa pili karibu na nchi kavu. Wahesabu mashimo ya kaa na mizizi iliyochomoza, wachore umbo la mizizi. Miti ya mikokoni ni ya aina mbalimbali. Mlilana, wenye mizizi minene iliyochongoka, hupenda upande wa bahari. Mkoko wenyewe, aina inayoitwa hivyo hasa, husimama juu ya mizizi iliyopinda. Mkandaa uko nyuma zaidi. Majina haya mwachie yule mwenyeji wenu ayataje, baada ya michoro.

Hatua ya 6: Chupa mbili darasani

Rudini na tope jeusi. Chupa ya kwanza ijazeni pomoni na kuifunga kabisa. Tope la chupa ya pili litandazeni kwenye sahani. Kabla ya kuondoka, kila mwanafunzi aandike anachotarajia kuona na kwa nini, atie tarehe. Kesho yake wafananishe rangi.

Bamvua nyingine itakuja baada ya wiki mbili. Kabla yake, kila kikundi kichague swali moja kati ya yale ya hatua ya 3, na kikuonyeshe kwa maandishi kitakachopima, kwa kifaa gani, na mara ngapi.