Picha ya chombo cha tanga kwa karatasi za rangi: mambo ya kuzingatia kabla hujashika mkasi

Kama wikiendi hii umepanga kukaa na watoto, au hata peke yako, mtengeneze picha ya chombo cha tanga kwa karatasi za rangi za kukata na kubandika, ile ya maumbo tu bila kuchora kila ubao na kila kamba, basi usianze na mkasi wala gundi. Anza na upepo. Mi naona hapo ndo picha inayotembea inapoachana na picha iliyopaki. Amua kwanza upepo unatokea upande gani wa karatasi, ukishaamua vingine vinafata vyenyewe, tanga linavimba kwenda upande wa pili, mlingoti unalala kidogo, hata vipande vya mawingu unavikata virefu vikielekea huko huko.

Sisi wa Kigoma jibu tunalo bure. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane hivi, upepo mkubwa unapanda Ziwa Tanganyika kutoka kusini, na ukisimama Kibirizi ukaangalia maji, yaani umeelekea Kongo, kusini iko mkono wako wa kushoto. Kwa hiyo upepo uingie kushoto utokee kulia. Tanga lako tumbo lake liangalie kulia, na tafadhali usilikate kwa rula, maana tanga lililoshika upepo halina upande ulionyooka kabisa, hata ule uliofungwa kwenye foromali, ule mti unaoshikilia tanga, nao unapinda kidogo.

Amua pia chombo chenyewe. Hapa mjini ukisema chombo akili za watu zinakimbilia Liemba, na siwalaumu, meli ilijengwa Papenburg kule Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande ikaungwa hapa hapa Kigoma, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaja kuibuliwa 1924, nani hajasimuliwa hiyo stori. Ila Liemba haina tanga jamani, na ukiichomeka kwenye picha ya upepo lile bomba la moshi litakula picha yote. Baki na mashua.

Halafu ujiulize nini kibaki na nini kitoke, maana watu wengi wakisikia picha ya maumbo tu wanadhani ni kutupia tupia rangi. Hapana. Panga vipande juu ya karatasi bila gundi, kisha funika kimoja kimoja kwa kiganja. Ukifunika kipande na bado mtu akipita anasema aah mashua, hicho kipande hukihitaji, toa. Kwa kawaida utabaki na tanga, mwili wa chombo na mstari wa maji, basi. Bendera, abiria, ndege angani, vyote hivyo ni hofu tu ya kuona nafasi tupu.

Rangi usizidishe nne. Najua ukifika kwenye duka la vifaa vya shule pale Mwanga unataka zote, lakini rangi nyingi zinagombana. Jioni jua likizama nyuma ya milima ya Kongo unakuta chungwa moja, bluu mbili na giza la milima, hizo zinatosha kabisa. Kabla hujakata weka karatasi zako pamoja, piga picha na simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama mbili zinaonekana kijivu kile kile, tanga lako litapotelea kwenye maji hata kama moja ni nyekundu na nyingine bluu, badilisha moja iwe nyeupe zaidi au nzito zaidi.

Karatasi yenyewe, za A4 za rangi za kawaida zinafaa ila ni nyepesi, zikilowa gundi zinajikunja, manila ni nene inatulia zaidi. Jaribu kuikunja bila kuivunja, kwa urefu halafu kwa upana, utaona upande mmoja inakubali kirahisi na mwingine inagoma, huko inakokubali ndiko nyuzi zake zimelala. Vipande virefu vya maji vikate kufuata nyuzi hizo, havitajipinda sana. Na ukitaka kujua rangi itapauka au la, chukua kipande, funika nusu yake, kibandike dirishani juani wiki mbili. Nyingine utashangaa.

Sehemu ya nyuma wengi tunatumia boksi, hamna shida, ila ukibandika karatasi upande mmoja tu boksi litapinda kama kigae, bandika na nyuma karatasi yoyote ya uzito ule ule ili zivutane sawa.

Gundi nyeupe ya mbao iliyoongezwa maji kidogo ni nzuri. Kama huna, unga wa muhogo si upo, chukua wanga wake upike uji mzito upoe, unashika vizuri sana, tatizo lake mende wanaupenda kuliko wewe, na kipindi cha mvua unaota ukungu usipokauka vizuri. Pakaa kidogo, weka karatasi safi juu, gandamiza na vitabu usiku kucha.

Kabla ya kupanga vipande zima panga boi, visije vikapeperuka. Funga na mlango unaotazama ziwa.

Mkasi uwe mkali, na kwenye sehemu ya kupinda unazungusha karatasi, mkono wa mkasi unatulia. Mabaki usitupe, ile sehemu iliyobaki ulipotoa tanga mara nyingi inakuwa wimbi zuri kuliko wimbi utakalolikata kwa makusudi. Vipande vya nyuma vikate vizidi upana wa kidole ili vya mbele vilale juu yake, la sivyo utaachiwa nyufa nyeupe. Ukiridhika piga picha ya mpangilio kabla ya kuvuruga, alafu bandika kuanzia nyuma, anga, milima, maji, chombo mwisho.

Lingine la kufanya kabla ya gundi ni kuandika nyuma juu ni wapi. Msidhani natania. Henri Matisse, yule Mfaransa ambaye baada ya operesheni ya 1941 alikaa sana kitandani na kwenye kiti cha magurudumu akahamia kwenye kukata karatasi zilizopakwa rangi na wasaidizi wake, 1953 alikata mashua na taswira yake kwenye maji, inaitwa Le Bateau. Mwaka 1961 Museum of Modern Art ya New York iliitundika juu chini siku 47, watu wanapita wanaangalia, mpaka mgeni mmoja akastuka. Sasa kama wale wamekosea, shemeji yako atakayekusaidia kupiga msumari ukutani atajuaje? Chora mshale kwa makapeni, mkubwa, andika JUU.