Somo: Kutwa kwa miguu, Lushoto hadi ukingo wa Irente

Wengi hupanda Irente, jabali la ukingoni mwa milima ya Usambara, kwa bodaboda, wakapiga picha, wakarudi. Nyika wameiona, vijiji hawakuviona. Nenda kwa miguu. Kwenda ni kama kilomita sita.

Hatua ya 1. Lala Lushoto. Kutoka Tanga mjini hadi Mombo, kisha zile kilomita 33 za kona, siku imekwisha. Beba sweta, hasa Juni hadi Agosti. Masika udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Mimi niliwahi kufika ukingoni nusu mtu, nusu tope.

Hatua ya 2. Tafuta kijana mwenyeji, mpatane bei kabla ya kuondoka. Njia za mkato hupita uani kwa watu, na hodi ya mgeni si sawa na hodi ya mtoto wa jirani.

Hatua ya 3. Ondokeni saa moja na nusu asubuhi, mpitie Yoghoi. Hapa msikimbie. Tazameni migomba: kabla mahindi hayajatawala, ndizi ndiyo ilikuwa chakula cha Msambaa. Wazee waligawa nchi mara mbili: Shambaai, mlimani kwenye mvua, na nyika, chini kwenye jua. Ndiyo maana vijiji vingi vya kale vilikaa karibu na ukingo. Mtu alilima juu, akashuka akalima na chini. Mvua ikigoma upande mmoja, upande wa pili unamlisha.

Hatua ya 4. Irente. Chini yako, karibu mita elfu moja, ni Mazinde. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa, alitawala toka Vuga, mlimani. Alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja aliyeshika Mazinde, kwenye njia ya misafara, ndiye aliyepata bidhaa na bunduki, na nguvu ikahamia kwake huko chini. Kwangu mimi jabali hili linaeleza anguko la Vuga kuliko maelezo ya darasani.

Hatua ya 5. Chakula: mkate na jibini vya shamba la Irente. Kisha kurudi.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka saba, ataweza?*
Marahaba. Kwenda ataweza, kurudi mpakie bodaboda. Jabalini usimwachie mkono hata kidogo.

*Kaka, Vuga mbona umeiruka? Ndiko kwa Wakilindi, ukoo wa wafalme!*
Sijairuka, dada. Iko upande wa Soni, nayo inataka siku yake. Ukifika, anza kwa wazee. Makaburi ya wafalme si mahali pa kujiendea tu.

*Picha za watu mashambani je?*
Salimia, omba, ndipo upige. Ukikataliwa, nunua karoti uendelee na safari.

*Nikikuta ukungu umefunga?*
Kaa chini, ule mkate wako, usubiri. Mimi nimewahi kusubiri saa mbili, pazia likafunguka dakika kumi.