Unahama na gari kutoka North Carolina kwenda Ohio? Bima ya zamani ikatwe mwisho

Mi nafanya kazi ya bima hapa Columbus, nakaa kaunta, na wateja wangu wengi ni Wabongo, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo walioshukia Greensboro au Raleigh, wakakaa miaka miwili mitatu alafu ndugu akawapigia simu njooni huku kuna kazi za wearhausi, wakapakia vitu kwenye gari na kuja. Karibu wote wanafanya kosa moja, na mi mwenyewe nililifanya kabla sijaijua hii kazi.

Nilifika Ohio Ijumaa. Jumatatu asubuhi nikapiga simu kukata bima ya kule, nikiwaza kwanini nilipe bima mbili, hela yenyewe ya kodi ya nyumba inatafutwa. Pleti ya North Carolina bado iko nyuma ya gari. Kumbe ukikata tu, kampuni ya bima inaitaarifu DMV ya kule, yaani ofisi ya jimbo ya leseni na pleti, na DMV inakuandikia barua una siku 10 ujieleze. Barua wameituma kwenye ile apatimenti niliyohama! Ilinifikia ikiwa na ile stika ya njano ya posta ya kubadilisha anwani, siku zimeshapita kitambo. Faini ya kwanza ni dola 50, ya pili 100, ya tatu 150, na pleti inaweza kufungiwa siku 30. Dola 50 utasema sio hela, sawa, ila rekodi ya kukaa bila bima ndo inauma, maana kila kampuni utakayoiendea inaiona na inakupandishia bei.

Kwahiyo mpangilio ni huu: bima mpya, leseni na taito, pleti mpya, rudisha pleti ya zamani, ndo bima ya zamani ikatwe. Utalipa bima mbili kwa siku chache. Lipa tu.

Hatua ya 1: Tafuta taito kabla hujapakia

Taito ndo karatasi ya umiliki, Bongo tungesema kadi ya gari, Kenya logubuku, Wakongo karti roze. Kile kikaratasi cha rejistresheni kwenye droo ya gari sio taito, usichanganye. Kama gari umemaliza kulipa, taito unayo nyumbani, itoe uishike mkononi, usiipakie kwenye boksi la masufuria.

Kama gari lina mkopo, huna taito, benki ndo inayo, na North Carolina nyingi haziko hata kwenye karatasi, ziko kwenye kompyuta. Basi wapigie benki mapema, hata wiki tatu kabla, waambie nahamia Ohio nahitaji kuandikisha gari, wakueleze utaratibu wao. Uandike jina kamili la benki, anwani yao na namba ya akaunti ya mkopo maana ofisi ya taito ya huku itahitaji hivyo vitu vyote.

Angalia na majina. Ndugu zetu waliokuja kwa ukimbizi majina yamepinduka sana, kwenye taito jina la baba limetangulia, kwenye grinkadi limekuja mwisho, kwenye leseni limekatwa nusu. Rekebisha kabla ya safari ukiweza. Na kama taito ina majina mawili, wewe na mkeo, wote wawili mtatakiwa kusaini, au asiyekuja awe na karatasi ya uwakilishi yenye muhuri wa notari.

Hatua ya 2: Bima ya Ohio

Siku 30 ndo ulizonazo tangu uwe mkazi, na mkazi sio mpaka upate kitambulisho, ukisaini lisi, yaani mkataba wa kupanga nyumba, ukianza kazi au ukiandikisha mtoto shule tayari we ni mkazi. Tafuta bima wiki ya kwanza. Kuna kampuni ziko majimbo yote, hapo ni kubadilisha sera, yaani mkataba wako wa bima, tu, ila nyingine haziuzi Ohio kabisa inabidi utafute mpya, na ukitafuta mpya omba ile ya zamani ikupe barua ya kuonyesha umekaa na bima muda gani bila pengo. Hiyo barua ni hela.

Hapa naomba tulie kidogo. Wateja wananiambia bima ya Ohio ni rahisi, angalia imeshuka! Nawauliza umeangalia namba? Kiwango cha chini cha thadi pati Ohio ni 25/50/25, maana yake dola 25,000 kwa mtu mmoja uliyemuumiza, 50,000 kwa wote kwenye ajali hiyo, na 25,000 kwa mali uliyoharibu. North Carolina tangu 1 Julai 2025, sera ikianza au ikihuishwa, ni 50/100/50. Kwahiyo bei imeshuka kwasababu umekatiwa kinga nusu nzima. Na dola 25,000 za mali leo ni nini, ukigonga pikapu mpya ya mtu hazitoshi, kinachobaki anakudai wewe. Mi nawashauri waombe 50/100/50 ileile waliyoizoea alafu ndo walinganishe bei, mara nyingi tofauti kwa mwezi sio kubwa kama wanavyodhani.

Kitu kingine, kule bima ya kukulinda ukigongwa na mtu asiye na bima ni lazima, huku ni hiari, usipoiomba unaweza kuondoka bila. Iombe.

Gari lenye mkopo benki inataka bima kubwa, ile inayolipia na gari lenyewe, na jina la benki liandikwe kwenye sera. Ukisahau, benki inakukatia bima yake yenyewe inakuongezea kwenye deni, na hiyo ni ghali balaa, alafu inalinda gari la benki tu, wewe haikulindi.

Anwani weka ile ambayo gari linalala kweli. Najua kuna watu wanaacha ya Greensboro kwa binamu kwasababu ni rahisi, siku ya ajali kampuni ikigundua gari linalala Columbus miezi minane wanaweza kukataa kulipa. Na watu wazima wote wa humo ndani wataje, shemeji aliyekuja kukaa kidogo, kijana wa miaka 17. Kama unabeba abiria au chakula kwa programu za simu sema pia, bima ya kawaida haikubali hiyo kazi mpaka uongezewe kipengele.

Hatua ya 3: Leseni

Leseni unabadilishia BMV, huku wanaita BMV sio DMV. Peleka leseni ya zamani, pasi au grinkadi au kibali cha kazi, soshali (Social Security), na barua mbili zenye anwani ya Ohio. Leseni ya North Carolina ikiwa haijaisha, unapimwa macho tu. Ingia mtandaoni ukae foleni kabla hujatoka nyumbani, wana hiyo huduma na watu hawaitumii.

Hatua ya 4: Namba ya chasisi ikaguliwe

Gari la kutoka nje ya Ohio lazima liangaliwe namba ya chasisi, na hii inafanyika hapohapo BMV kwa malipo madogo. Gari lazima liwepo, sio picha. Anatoka mfanyakazi na karatasi, anainama kwenye kioo cha mbele upande wa dereva, pale chini kwenye kona, anasoma herufi na namba 17, anaangalia na maili kwenye dashibodi, anasaini. Dakika tano. Kama ni Januari futa barafu kwanza pale kwenye kona, nimeona mtu anarudishwa mwisho wa foleni kwasababu hiyo.

We pia soma. Linganisha namba ya kwenye gari, ya kwenye taito na aliyoandika yeye, moja moja. Namba ya chasisi haina herufi I, O wala Q kwahiyo ukiona duara ni sifuri, lakini 5 na S, 8 na B zinachanganywa sana.

Hatua ya 5: Ofisi ya taito

Huku taito haitolewi na BMV, inatolewa na karani wa mahakama wa kaunti. Usiogope neno mahakama, hujashtakiwa. Sehemu nyingi ofisi hizo mbili ziko jirani, ila uliza kabla. Peleka taito ya North Carolina, karatasi ya ukaguzi, kitambulisho na hela. Fomu utaapa na kusaini mbele yao, usisaini nyumbani! Lenye mkopo, toa zile taarifa za benki na wao wataiomba taito, kisha subira.

Hatua ya 6: Pleti

Ukiwa na taito rudi BMV uchukue pleti. Watakusainisha tamko kwamba una bima na utaendelea kuwa nayo, usisaini kama huna maana unaweza kuombwa uthibitisho baadaye na leseni ikasimamishwa. Pleti ni moja ya nyuma, ya mbele iliondolewa Julai 2020.

Rejistresheni ya Ohio inaisha siku yako ya kuzaliwa. Sasa sisi tunajuana, nusu ya watu wa kambini wamezaliwa 1 Januari kwenye makaratasi, na siku hiyo ofisi zimefungwa, mwisho wa Desemba BMV utadhani ni mkutano wa jamii. Unaruhusiwa kuhuisha siku 90 kabla, nenda Oktoba ukiwa umetulia.

Ukiwa Cleveland au Akron uliza pia kipimo cha moshi, ni bure. Columbus na Dayton hakipo.

Hatua ya 7: Rudisha pleti, ndo ukate

Beba bisibisi siku ya kuchukua pleti mpya. Toa pleti ya North Carolina palepale paking, funga ya Ohio, ile ya zamani ipige picha mbele na nyuma, itume DMV ya North Carolina kwa posta yenye namba ya kufuatilia. Kama kuna ndugu kule anaweza kuipeleka mkononi kwenye ofisi ya pleti. Watakupa risiti inaitwa FS20. Ukiishika hiyo ndo piga simu kwenye bima ya zamani, sema tarehe ya kukata iwe baada ya tarehe ya risiti, na uombe uthibitisho kwa imeili. Uliyolipia mbele watakurudishia kadiri ya siku.

Hatua ya 8: Hela yako ya kaunti

Hii wengi hawaijui kabisa. North Carolina ukilipia rejistresheni ulilipa na kodi ya mali ya gari ya mwaka mzima. Umehama katikati ya mwaka, miezi iliyobaki unaweza kurudishiwa. Tuma FS20 na kopi ya rejistresheni ya Ohio kwenye ofisi ya kodi ya kaunti uliyokuwa unakaa, Guilford, Wake, popote, ndani ya mwaka mmoja tangu urudishe pleti. Anwani ya kutuma cheki andika ya Ohio, maana hawa nao wakiandika ile ya zamani tunarudi kulekule kwenye stika ya njano.