Mzazi anayefuatilia kila kitu: jinsi ya kwenda nae bila kugombana

Kama unafundisha inglishi midiamu hapa Dar utakuwa unamjua huyu mzazi, saa nne usiku meseji inaingia, "madam mtoto alimaliza wali leo?", asubuhi yupo getini, mchana kampigia dereva wa gari la shule. Mimi ni mwalimu wa darasa na nasema kabisa huyu si adui. Nimeshashika darasa ambalo shajara zinarudi wiki nzima hazijasainiwa na kikao cha wazazi wanakuja watu tisa, ukishapitia hapo unamheshimu anayeuliza. Ila lazima uweke utaratibu mapema.

Mapema maana yake kikao cha kwanza cha muhula, sio siku mmeshakorofishana. Sema wazi: meseji ntajibu saa tisa na nusu mpaka kumi na moja jioni, siku za kazi, mtoto akiumwa piga ofisini. Halafu ufuate mwenyewe, maana ukijibu saa tano usiku hata mara moja tu, kesho akituma tena hana kosa.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kumtangulia. Anayeuliza sana mara nyingi ana hofu, mtoto akifika nyumbani akiulizwa leo mmefanya nini anasema hamna, sasa mama atajuaje? Kila Ijumaa naandika mistari mitatu kwenye grupu, tumesoma nini, homuweki ipi, wiki ijayo kuna nini, na maswali yamepungua sana. Mtoto akianguka uwanjani akachubuka goti mpigie mzazi kabla gari la shule halijafika kwao, akija kuliona mwenyewe wakati anamwogesha hata ueleze vipi ataona ulikuwa unaficha.

Sasa alama, hapo ndo moto unapowaka, hasa darasa la nne na la saba wenye mitihani ya taifa. Somo linasahihishwa kwa 50 na A inaanzia 41, kwa hiyo mtoto akitoka 42 akapata 39 mzazi haoni alama tatu, anaona B. Usibishane kwa mdomo, toa karatasi mkae mpitie swali kwa swali. Kuna baba alikuja amefura kabisa, mtoto wake hesabu za mafumbo anafeli kila jaribio wakati homuweki anapata zote. Nilishajua kinachoendelea lakini sikumwambia wewe ndo unamfanyia, nilichukua daftari la homuweki na karatasi ya jaribio nikaviweka pamoja mezani nikamuuliza, baba unaonaje hapa? Alikaa kimya, baadae akasema mtoto anarudi amechoka, analia, kwa hiyo anamsaidia ili alale mapema. Tukakubaliana akishindwa swali aache tu alama ya kuuliza, asubuhi mimi nakaa nae. Yule baba mpaka leo anafuatilia vilevile, ila sasa anafuatilia zile alama za kuuliza.

Kwenye grupu usijadili mtoto wa mtu, hata kwa kumsifia. Andika "asante mama, nakuja inboksi" basi. Na ile tabia ya kurusha matokeo ya darasa zima na nafasi zao tuiache jamani, ni taarifa za watoto wa watu zile, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tunayo tangu 2022.

Akija anapaza sauti usimpokee mlangoni mwa darasa watoto wanaangalia, mpeleke ofisini, mwalimu wa taaluma awepo, mlichokubaliana kiandikwe na tarehe. Na akikutumia hela ya vocha irudishe kwa heshima, maana ukishaipokea siku ya kuandika ripoti mkono utakuwa mzito.

Jambo la mwisho linaniuma kwa sababu nimelisikia kwa walimu wengi: mzazi akilalamika, mwalimu anarudi darasani anamwambia mtoto "umeenda kunisemea kwa mama yako". Usifanye hivyo hata ukiwa na hasira vipi. Mtoto ataacha kusema, na siku kuna mtu anamuumiza kwenye gari la shule hatakwambia wewe, na nyumbani pia hatasema.