Chungu cha Ilesi, jiwe la Tabaka, kiti cha magugu maji: jinsi ya kupamba sebule kwa kazi za mikono

Kabla hujatoa shilingi, zunguka sebule yako mara mbili, asubuhi na alasiri. Angalia jua linapiga wapi na kwa muda gani. Angalia maji ya deki yanafika wapi. Papasa kuta, hasa ule uliopakana na bafu na ule unaopigwa na mvua, ujue upi una unyevu. Kazi ya mkono huwekwa kufuatana na kile ilichotengenezwa nacho. Mafunjo na magugu maji huogopa unyevu na jua kali. Chungu huogopa kugongwa. Jiwe la Kisii huogopa kuanguka na kukwaruzwa. Mbao huogopa dumuzi. Anayenunua kwa kufuata macho peke yake hujikuta, masika yakiisha, ana kikapu chenye kuvu nyuma ya kochi, ilhali fundi alifanya kazi safi.

Bahati ya mkazi wa Kisumu ni kwamba vitu hivi vyote hutengenezwa karibu naye. Vya mafunjo na magugu maji viko Dunga, ufukweni. Vyungu viko Ilesi, vimepangwa kando ya barabara ya kwenda Kakamega. Mawe huchongwa Tabaka, kule Kisii. Soko la Kibuye hukusanya mchanganyiko wa kila kitu, na siku yake kubwa ni Jumapili. Ukiweza, mfikie fundi mwenyewe. Mchuuzi anaweza kukupunguzia bei, lakini hawezi kukuambia kiti kilikaushwa siku ngapi, na hilo ndilo linaloamua kama kiti kitaishi.

Nunua kitu kimoja kikubwa kwanza, ukae nacho wiki tatu au nne, ndipo uongeze vidogo. Sebule nyingi za mjini ni ndogo, na vitu kumi na viwili vilivyonunuliwa siku moja huifanya ifanane na kibanda cha kuuzia vinyago.

Vyungu

Ukifika kwa mfinyanzi, uliza moja kwa moja: "Mama, hiki kilichomwa lini, na kimeshawahi kutiwa maji?" Kisha kinyanyue kwa mkono mmoja ukikishika kwa ndani, ukigonge tumbo kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ukiruhusiwa, kijaze maji nusu saa. Unyevu ukijitokeza tumboni kote kwa usawa, hilo ni jambo la kawaida: udongo uliochomwa kwa moto wa wazi una vinyweleo, na ndivyo dapi ya Kijaluo inavyopoza maji ya kunywa. Ukiona mstari mmoja uliolowa huku kwingine kukiwa kukavu, huo ni ufa, kirudishe. Madoa meusi si kasoro. Ni pale kuni au nyasi zilipogusa chungu wakati wa kuchomwa, na kwa maoni yetu ndiyo mapambo yake bora. Usiyafunike kwa rangi.

Vinyweleo hivyohivyo ndivyo vinavyoharibu samani. Chungu chenye maji kikikaa juu ya meza ya mbao huacha duara jeupe ambalo vanishi haisahau. Ukitaka maua mabichi, weka chupa au mtungi wa kioo ndani, maji yakae humo. Ukitaka kupanda mmea, toboa tundu chini. Pindua chungu juu ya mchanga au nguo iliyokunjwa, tumia drili yenye keekee ya zege ya milimita 6, zima kabisa mpigo wa nyundo, na udondoshee maji kila baada ya sekunde chache. Usikandamize, acha keekee ijilie yenyewe. Kisha panua kwa keekee ya milimita 10. Vyungu vingi hupasuka hapa kwa sababu mtu alisahau kuzima mpigo, au alitaka kumaliza kwa dakika moja. Chini yake weka kisahani kilichopakwa glezi au cha plastiki. Kisahani cha udongo mtupu nacho kitavuja jasho.

Vyungu vya kienyeji vina kitako cha mviringo, kwa hiyo havisimami kwenye vigae. Suluhisho ni lilelile la kinamama wanaobeba maji: ngata. Sokota kamba ya mkonge au magome makavu ya mgomba, fanya pete ambayo kipenyo chake ni karibu theluthi moja ya upana wa tumbo la chungu, uishone mahali panne isifunguke. Mkiwa na mtoto mdogo nyumbani, chungu kikubwa kikae kwenye kona ya kuta mbili, kisiwe njiani kati ya kochi na mlango.

Baada ya miezi, unga mweupe unaweza kutokea upande wa nje wa chungu chenye mmea. Ni chumvi inayosafirishwa na maji kupitia udongo. Ifute kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha kwa maji matupu.

Magugu maji na mafunjo

Hapa ndipo pa kutumia muda mrefu, maana ndipo watu hupoteza pesa.

Magugu maji yamelisumbua ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, yakiziba fuo na kukwamisha mitumbwi. Mabua yake huvunwa, huoshwa, huanikwa, kisha husokotwa kuwa kamba na kusukwa juu ya fremu ya mbao au chuma. Mmea mbichi ni maji kwa takriban asilimia 95. Kilo kumi zilizotolewa ziwani huacha kama nusu kilo tu ya kusukia. Ukilijua hilo hutamlalia msukaji kwa bei, na utaelewa kwa nini anayeharakisha kukausha huuza kiti kitakachoota kuvu.

Kipime hivi. Tafuta ncha ya bua chini ya kiti na uikunje: kavu hutoa mlio mdogo na hurudi, bichi hulala kimya. Ingiza pua katikati ya msuko. Harufu ya matope ina maana kuna unyevu ndani. Bonyeza kwa kidole gumba kwenye kona za fremu, kwa kuwa hapo msuko huwa mnene na hukauka mwisho. Uliza pia kama vanishi imepakwa pande zote mbili. Ikipakwa juu pekee, unyevu huingia kwa chini na hauna pa kutokea.

Nyumbani, adui wa kwanza ni deki. Sakafu inayopigwa deki kila asubuhi hulowesha miguu ya kiti kila asubuhi, na msuko ulioshuka hadi sakafuni huanza kuoza katika sentimita mbili za mwisho. Pigilia vikanyagio vya mpira chini ya kila mguu, vyenye urefu wa sentimita 2 angalau. Adui wa pili ni dirisha. Jua la moja kwa moja hufanya nyuzi ziwe dhaifu na zikatike, na upande mmoja wa kiti ukapauka. Kiache angalau mita moja kutoka dirishani, au ukigeuze kila mwezi. Usikifunike kwa nailoni hata ukisafiri, tumia shuka.

Kuvu ikitokea, kipeleke kiti nje kabla ya kuisugua ili vumbi lake lisibaki ndani. Piga brashi kavu, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa siki na maji nusu kwa nusu, kisha kianike kivulini penye upepo siku nzima. Kuvu ikirudi ndani ya mwezi, tatizo ni mahali ulipokiweka.

Jamvi la mafunjo hupendeza sana ukutani nyuma ya kitanda au kochi, lakini usiligandishe kwenye plasta. Pigilia kwanza vipande vya mbao vya inchi 2 kwa 1, vilivyolala bapa kwa umbali wa sentimita 60, kisha jamvi juu yake. Nafasi hiyo ndogo huruhusu hewa ipite nyuma. Liwe mbali na jiko, mshumaa na koroboi kwa mita moja au zaidi: mafunjo makavu hushika moto upesi kuliko nguo.

Kikapu kilichogeuzwa kivuli cha taa nacho kizuri, kwa masharti mawili. Tumia balbu ya LED isiyozidi wati 7, na pawe na sentimita 10 kati ya balbu na msuko. Tena kiwe wazi kwa chini. Jioni wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga kwa maelfu, na kivuli kilichofungwa hugeuka kaburi lao lisilosafishika.

Vikapu ukutani

Mpangilio wa vikapu juu ya kochi uchukue takriban theluthi mbili za upana wake. Kochi la sentimita 180 linataka mpangilio wa sentimita 120, na ukingo wa chini uwe sentimita 20 juu ya mgongo wa kochi ili vichwa vya wageni visivisugue.

1. Panga vikapu sakafuni juu ya magazeti yaliyounganishwa kwa gundi ya karatasi. Kikubwa kisikae katikati kabisa. Acha sentimita 5 kati ya kimoja na kingine.
2. Chora duara kuzunguka kila kimoja, na utie alama mahali pa tundu.
3. Bandika magazeti ukutani, rudi nyuma hadi mlangoni, uangalie. Sogeza sasa, wakati bado ni karatasi.
4. Toboa kupitia karatasi kwa keekee ya zege ya milimita 6, kina cha sentimita 4 hadi 5. Puliza vumbi lote litoke. Vumbi likibaki, plagi haiingii hadi mwisho na skurubu hulegea.
5. Ingiza plagi ya milimita 6 na skurubu ya unene wa milimita 4. Acha milimita 8 za skurubu nje.
6. Nyuma ya kikapu, funga kitanzi cha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki kwenye nyuzi mbili tofauti za msuko, kisha kitundike. Usipitishe skurubu katikati ya kikapu. Uzito huvuta tundu hadi msuko ufunguke.

Mwenye nyumba akikataza kutoboa, weka ngazi ya mianzi au ya mbao iegemee ukuta na utundike vikapu juu yake. Vibandiko vya gundi tusikudanganye navyo: rangi ya maji ikiwa dhaifu hubanduka pamoja na kikapu.

Na vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa kwenye makochi ya nyumba nyingi visidharauliwe. Mama aliyefuma kitambaa kwa kulabu ni fundi kamili. Kimoja kizuri, kikishonewa kwenye kitambaa cheusi na kutiwa fremu, hupamba ukuta kuliko picha ya dukani.

Jiwe la Kisii

Jiwe hili ni laini kiasi cha kuchongwa kwa panga na patasi, na kwa hiyo hata funguo hulikwaruza. Wakati huohuo ni zito. Kipande kisicho na uwazi cha sentimita 20 kwa 20 kwa 10 hukaribia kilo 11, na rafu ya ubao mwembamba yenye skurubu mbili haitakibeba. Kiweke chini au kwenye meza pana.

Mnunuzi achunguze sehemu nyembamba: shingo ya twiga, mkono wa mama aliyebeba mtoto. Mshipa wa rangi tofauti ukikatiza hapo, ndipo patakapovunjika. Kwenye matatu, kila sehemu nyembamba ifungwe kwa nguo peke yake kwanza, ndipo kitu kizima kifungwe. Jiwe la rangi ya waridi hupotea mbele ya ukuta wa krimu. Weka ubao wa rangi ya kahawia iliyokolea nyuma yake na utaliona upya.

Sugua sehemu iliyojificha kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikitoka, usilioshe, lifute tu kwa kitambaa kikavu. Bakuli lililopakwa rangi litumike kwa funguo na sarafu, si kwa chakula. Jiwe lisilo na rangi ya kupaka hurudishiwa mng'ao kwa urahisi: msasa wa maji namba 400, kisha 800, kisha 1200, ukilowesha kila mara, halafu likauke usiku kucha na upake nta ya nyuki au polishi ya viatu isiyo na rangi. Likivunjika, osha vumbi, likauke, tumia gundi ya epoksi ya sehemu mbili, na usiliguse kwa saa 24.

Vya mbao, viweke juu ya karatasi nyeupe kwa wiki moja kabla ya kuvipa nafasi. Ukiona unga mpya chini yake, dumuzi yumo hai. Kinyago kidogo kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikae kwenye friza wiki mbili.

Unapoagiza

Pima mahali, na upime mlango pia. Kiti cha upana wa sentimita 95 huenda kisipite kwenye mlango wa 80, na msuko haukunjwi. Andika vipimo kwa sentimita kwenye karatasi, nakala moja ibaki kwa fundi, na mkubaliane kwamba tofauti ya sentimita 1 au 2 ni halali. Toa arbuni ya nusu, maana fundi hununua vifaa kwa hiyo hiyo. Omba picha mara tatu: fremu ikiwa tupu, msuko ukiwa nusu, na kabla ya vanishi. Marekebisho yanawezekana katika hatua mbili za kwanza pekee. Usimpelekee picha ya kazi ya fundi mwingine umwambie ainakili. Mpe vipimo, rangi na matumizi, umwachie mkono wake. Na ukiagiza cha magugu maji kati ya Machi na Mei, ongeza wiki mbili kwenye tarehe atakayokutajia, kwa sababu mabua yanasubiri jua.