Kukadiria ndege itatoka lini kwenye shirika (usianze na umri)

Wengi mkianza hii kazi mnachukua mwaka wa kutengenezwa mnajumlisha 25 basi, hapo umeshapotea. Kenya Airways ilipokea Boeing 777-300ER zake tatu 2013 na 2014, mpya kabisa, ila 2016 zikakodishwa Turkish Airlines. Kwa umri tu ungesema zipo Nairobi hadi 2038!

Hatua ya kwanza, fungua eksel, kila ndege mstari wake: namba ya usajili, namba ya kiwandani, mwaka, ni ya shirika au ya kukodi. Usiandike "A320 kumi" (A320 ni ndege ya Airbus) kwa fungu, kila moja ina maisha yake. Shirika likiwa soko la hisa, ripoti yake ya mwaka itakusaidia sana hapa.

Ya pili, za kukodi. Angalia mkataba unaisha lini, lakini ndege haitoki siku hiyohiyo, inaacha kubeba abiria wiki kadhaa kabla maana lazima irudi kwa mwenyewe ikiwa kwenye hali waliyokubaliana, injini zikaguliwe, na makaratasi yote yawepo (makaratasi ndio balaa, mimi nishawahi kukosea miezi minne sababu ya faili la injini moja).

Tatu, hapa ndo penyewe: matengenezo makubwa. A320 inafumuliwa kila miaka 6 hivi na ile ya mwaka wa 12 ni nzito zaidi, kwahiyo iliyotoka kiwandani 2008 unaandika 2014, 2020, 2026, 2032. Sasa mwenye ndege kuukuu akikaribia 2032 anajiuliza nimwage mamilioni ya dola humu au niiuze vipuri, na mara nyingi anairusha hadi siku za mwisho halafu anaipaki. Kwahiyo makadirio yako ya kutoka yaweke kabla kidogo ya hiyo tarehe, sio baada. Injini nazo zina vipande vyenye kikomo cha idadi ya safari, vikikaribia kuisha hesabu ni ileile.

Nne, mbadala wake uko wapi? 737 MAX, toleo jipya la Boeing 737, zilipozuiwa kuruka Machi 2019, ndege za zamani zikaongezewa muda, huwezi kustaafisha kitu huna cha kuweka pale.

Tano, zikibaki chache za aina moja usizitawanye, ziweke tarehe moja. Southwest walitoa 737-300 zote zilizobaki Septemba 2017 kwa mpigo, siku chache kabla ya kuanza kurusha MAX, kisa marubani wao wasingeruhusiwa kurusha vizazi vyote vitatu vya 737 kwa pamoja.

Halafu andika kipindi, sio siku: "katikati ya 2031 hadi mwanzo wa 2032". Pembeni weka safu ya sababu, mkataba au matengenezo au mbadala, maana British Airways walipanga 747 zao zimalizike 2024, korona ikazimaliza 2020, na siku kitu kama hicho kikitokea utataka kujua haraka ni mistari ipi ya kufuta.