SOMO: Ratiba ya ofisi inasema kata saizi 28, rafu inalia saizi 32, sasa nani asikilizwe?

Habari za majukumu wakuu. Somo la leo ni la wenye viwanda vidogo na vya kati. Nitatumia mfano wa sare za shule maana ndo kazi ninayoielewa, ila hata mwenye fanicha au sabuni atapata chake humu.

Uzalishaji unaendeshwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusukuma, yani ofisi inakadiria Januari shule zikifunguliwa zitatoka shati ngapi, inashusha ratiba, mnakata mnashona mnajaza stoo alafu mnamsubiri mteja. Ya pili ni kuvuta, hapa hakuna anayeshona mpaka wa mbele yake apungukiwe, rafu ikitoa bando moja (fungu la shati) kadi yake inarudi nyuma kusema nishonee lingine kama hili. Hii ya kadi (kanbani) ilikomaa Toyota kule Japani miaka ya 1950 chini ya Taiichi Ohno, na wazo lilitokana na supamaketi za Marekani, mteja anachukua kitu rafuni ndo mfanyakazi anajaza pengo.

Zote mbili zinafaa. Shida inakuja pale ratiba na kadi zinapomwamrisha fundi mmoja kwenye meza moja. Meneja mauzo anasema hivi, mtu wa mipango anasema vile, mkata nguo anamsikiliza mwenye sauti kubwa. Mnaishia na marundo ya saizi 28 wakati wazazi wanatafuta 32.

HATUA YA 1: Andika muda. Kitambaa kikiagizwa kinachukua muda gani kufika? Kukata mpaka pasi siku ngapi? Na mteja anakubali kusubiri siku ngapi? Chochote kinachochukua muda kuliko uvumilivu wa mteja lazima ukianze kwa makadirio, hapo hakuna ujanja.

HATUA YA 2: Weka mpaka kati ya kusukuma na kuvuta. Kwenye sare mimi naupanga hivi: kitambaa, uzi na vifungo vinaagizwa kwa makadirio. Shati nyeupe tupu, ile isiyo na nembo, inashonwa kwa kuitwa na rafu. Nembo ya shule inasubiri oda kabisa, inadariziwa pembeni kwenye kipande chake alafu inashonewa juu ya shati lililokamilika. Ukidarizi mapema umeshajifunga, shati la shule A haliwezi kwenda shule B. Benetton wa Italia walifanya ujanja wa aina hii kwenye sweta, wanafuma bila rangi, wakishaona rangi gani inatoka ndo wanatia.

HATUA YA 3: Gawa madaraka, na hapa ndo ugomvi mwingi unaisha. Ratiba ya ofisi inaamua mambo matatu: tununue malighafi kiasi gani, tuwe na watu wangapi, na kadi ngapi ziwe kwenye mzunguko. Basi. Kipi kianze asubuhi hii kinaamuliwa na kadi. Kwaiyo kichwa cha habari hapo juu jibu lake ni 32. Ofisi ikiona makadirio yamebadilika inaongeza au kupunguza kadi, haiendi kumnong'oneza mkata nguo.

HATUA YA 4: Hesabu kadi. Chukua matumizi ya siku, zidisha kwa siku za kujaza upya, ongeza akiba, gawa kwa ukubwa wa bando. Mfano saizi 32 zinatoka 120 kwa siku, kujaza ni siku 3, hiyo ni 360, weka akiba asilimia 20 inakuwa 432, bando ni shati 24, unapata kadi 18. Saizi au rangi inayotoka mara chache usiiwekee kadi, shona kwa oda tu.

HATUA YA 5: Ziba mdomo wa laini ya kushona, yani usiingize kazi mpya kupita kiasi. Ukiwa na shati 900 kwenye laini na zinatoka 150 kwa siku, shati likiingia leo litatoka kama baada ya siku 6. Ukiweza kushusha mzigo mpaka 450 na bado zikatoka 150, ni siku 3. Hii ni kanuni ya mtafiti wa Marekani John Little aliyoithibitisha mwaka 1961 na haibishani na mtu. Ila punguza taratibu, kituo kinachobana (mara nyingi tundu za vifungo) kikikosa kazi umeshapoteza.

HATUA YA 6: Msimu. Kadi zilizohesabiwa kwa mauzo ya Juni haziwezi kubeba Januari, na mashine zako haziwezi kushona kila kitu Desemba. Kuanzia Oktoba ingiza kadi za muda zenye rangi tofauti kwa saizi zinazotembea, hapo unasukuma lakini kwa kipimo. Kila kadi ya muda ikirudi baada ya shule kufunguliwa inatolewa kwenye mzunguko. Wengi hawazitoi, Machi wanashangaa stoo imefurika.

HATUA YA 7: Malipo. Vitabuni suala hili utalikuta kwa mbali sana ila ndo linaua mfumo. Fundi analipwa kwa pisi (kwa kila kipande anachoshona), wewe unamwambia kadi hakuna kaa, yeye anaona unamnyima hela na ana haki. Usiku atashona kola 300 ambazo hakuna aliyeziita. Weka kima cha chini cha siku, lipa bando lenye kadi tu, na mfundishe kila fundi kituo cha pili ili kwake kukikauka aende panapobana.

Oda za dharura: kadi nyekundu moja tu kwa wakati. Zikiwa tano hakuna dharura tena, kuna vurugu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mi nina cherehani 5 tu, si naongea na mafundi tu yanaisha?
Jibu: Kadi karatasi acha, chora miraba kwenye meza kati ya fundi na fundi. Mraba ukijaa, wa nyuma anasimama. Inatosha kabisa.

Swali: Sisi kompyuta inatoa oda za kazi kila Jumatatu, tuizime?
Jibu: Hapana dada, iacheni ikokotoe kitambaa na uzi, kazi hiyo inaijua vizuri. Zima zile oda za kazi zinazochapwa kwenda kwa mkata nguo.

Swali: Bosi akiona cherehani imesimama anawaka, tunafanyaje?
Jibu: Usimpe nadharia. Mpeleke stoo, mhesabie hela ya kitambaa iliyolala kwenye zile saizi 28, mpe namba kwa shilingi.

Swali: Mimi naoka mikate, hakuna kulaza stoo, hii inanihusu?
Jibu: Inakuhusu ndugu, mpaka wako tu unahama. Unga unanunua kwa makadirio, oka mara mbili au tatu kwa siku kwa mafungu madogo, na fungu la pili lipangwe kwa kilichobaki rafuni, usilipange jana yake. Ila oveni ikichukua masaa kupata moto, fungu lisiwe dogo mpaka gesi ikule faida.

Swali: Kadi zinapotea kila siku, mafundi wanaweka mfukoni.
Jibu: Hesabu kila Ijumaa jioni, supavaiza asaini. Au tumia makreti badala ya kadi, kreti tupu ndo oda, na kreti haliingii mfukoni 😄